Hifadhidata za obijekti: kilicho bure na kinachofundisha

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta hufundishwa masomo mawili yasiyosalimiana. Kwenye Java au Python anaambiwa kila kitu ni obijekti: mgonjwa ana jina, ana orodha ya mahudhurio yake, na kila hudhurio limebeba vipimo vyake ndani. Akihamia kwenye somo la hifadhidata anaambiwa mgonjwa ni mstari katika jedwali, mahudhurio ni jedwali jingine, vipimo ni jedwali la tatu, na kinachoyashikanisha yote ni namba. Jinsi ya kuvuka kutoka huku kwenda kule hafundishwi na mtu. Anakabidhiwa maktaba ya msimbo kama Hibernate, anaambiwa yenyewe itajua la kufanya, na anaendelea hivyo mpaka siku atakapogundua kwamba programu yake inatuma mamia ya maulizo ili kuonyesha ukurasa mmoja.

Katika miaka ya 1980 walikuwapo watafiti na wafanyabiashara walioona kuvuka huko hakuna haja. Kama programu inafikiri kwa obijekti, walisema, basi obijekti na zihifadhiwe zilivyo, pamoja na urithi wake, viungo vyake na utambulisho wake. Ndivyo zilivyozaliwa hifadhidata za obijekti: GemStone iliyojengwa juu ya lugha ya Smalltalk, ORION ya Austin kule Texas, O2 ya Ufaransa, kisha ObjectStore, Versant na Objectivity. Sokoni hazikufika mbali. Majedwali na SQL yalitawala na yanatawala hadi leo. Ila swali lililoulizwa wakati ule halikufa. Limejificha ndani ya kila maktaba inayooanisha obijekti na majedwali, ndani ya MongoDB, na ndani ya hifadhidata ndogo zinazokaa kwenye simu.

Swali la hapa ni la vitendo. Mtu mwenye kompyuta ndogo na bando la kuhesabu, asiye na fedha ya vitabu wala chuo kinacholipia majarida, anaweza kujifunza nini kuhusu teknolojia hii bila kutoa hata shilingi? Anaweza kujifunza mengi kuliko anavyodhani. Lakini vile vinavyojitangaza zaidi ndivyo vinavyofundisha kidogo. Mafunzo ya bure ya kampuni humfundisha mtu bidhaa ya kampuni. Elimu yenyewe imelala mahali ambapo wachache hupita: kwenye makala za zamani za kitaaluma, kwenye programu huria moja au mbili zenye umri mkubwa, na kwenye msimbo wa mifumo ya afya inayotumika papa hapa Afrika Mashariki.

Kabla ya kupima nyenzo yoyote ni lazima kujua tunapima kwa kigezo gani. Hifadhidata ya obijekti inasimama juu ya mawazo matatu. La kwanza ni utambulisho: wagonjwa wawili wenye jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na kijiji kimoja hubaki wawili, hata kama hakuna aliyewapa namba. La pili ni uhifadhi kwa kufikiwa: ukishaifunga obijekti kwenye mzizi wa hifadhidata, kila kinachofikika kutoka kwake kinahifadhiwa pamoja nayo bila kutajwa. La tatu ni kufuata viungo: kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye hudhurio lake ni kuandama kielekezi, hakuna kutafuta kwa kulinganisha namba za majedwali mawili. Wazo hili la tatu ndilo lililowavutia wahandisi waliochora ndege na vichipu vya kompyuta, maana mchoro mmoja una maelfu ya vipande vinavyoshikana.

Hilo hilo ndilo lililozivunja miguu hifadhidata hizi. Akija mtu na swali ambalo mbunifu hakulitarajia, mathalani ni watoto wangapi chini ya miaka mitano walipimwa malaria mwezi uliopita katika zahanati zote, kufuata viungo kunageuka kuwa kuzunguka dunia nzima mgonjwa kwa mgonjwa. SQL inalijibu kwa mistari michache. Kwa hiyo nyenzo nzuri ni ile inayomfanya mwanafunzi aone pande zote mbili, aonje raha ya kwanza na adha ya pili. Nyenzo nyingi za bure zinamwonyesha raha na kuishia hapo.

Tuanze na makala za kitaaluma, kwa kuwa humo ndimo utajiri mkubwa ulimo, na kwa sababu bahati imewaangukia wanafunzi bila wengi wao kujua. Mwezi Aprili 2022, ACM, chama kikuu cha wanakompyuta cha Marekani, kilifungua bure makala zake zote zilizochapishwa kati ya 1951 na mwisho wa 2000. Vita vya hifadhidata za obijekti vilianza na kumalizika ndani ya dirisha hilo. Karibu kila kombora lililorushwa na pande zote mbili kupitia majukwaa ya ACM sasa linapakuliwa bila malipo. Makala za mkutano wa VLDB zimewekwa wazi na waandaaji wenyewe, vivyo hivyo za mkutano wa CIDR. Hizi ni faili za PDF, nyepesi, zinazosomeka umeme ukiwa umekatika na mtandao ukiwa haupo.

Ya kuanzia ni tamko lililotolewa Kyoto, Japani, mwaka 1989, na watu sita: Malcolm Atkinson, François Bancilhon, David DeWitt, Klaus Dittrich, David Maier na Stanley Zdonik. Walitaja sifa kumi na tatu ambazo mfumo ukizikosa haustahili kuitwa hifadhidata ya obijekti, na wakaziandika kwa mtindo wa amri za Musa. Mwanafunzi asome amri ya mwisho kwa makini: inataka mfumo umruhusu mtumiaji kuuliza swali lolote la papo kwa papo. Waandishi walijua tangu mwanzo udhaifu ulipo. Sehemu kubwa ya mifumo iliyofuata iliitimiza amri hiyo shingo upande, nayo ikalipia.

Mwaka uliofuata likaja jibu. Michael Stonebraker na wenzake, Jim Gray akiwamo, walitoa tamko lao wakisema hakuna haja ya kuibomoa nyumba ya majedwali. Iongezewe vyumba vya aina mpya za data na urithi, na SQL ibaki. Anayesoma matamko haya mawili kwa pamoja anapata kozi nzima ya hifadhidata ambayo kitabu cha kiada hakimpi, kwa sababu kitabu humpa matokeo na kumficha ugomvi. Ila asome kwa jicho kali. Stonebraker baadaye alikuwa na duka lake mwenyewe, kampuni ya Illustra iliyouza wazo hilo hilo la majedwali yenye obijekti kabla ya kununuliwa na Informix. Makala ya kitaaluma nayo huwa na mwenye maslahi nyuma yake, japo haina tangazo pembeni.

Makala ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1996, iliyosomwa kwenye mkutano wa VLDB mjini Mumbai, India. Waandishi ni Michael Carey na David DeWitt. DeWitt alitia saini tamko la Kyoto. Carey alitia saini la kulijibu. Miaka sita baadaye watu hawa wa pande mbili wanakaa meza moja na kuukagua muongo mzima wa vurugu: nini kilitabiriwa, nini kilitokea, nani alikosea. Hawajikingi. Wanasema wazi kwamba hifadhidata za obijekti hazikufikia zilichoahidi na kwamba mchanganyiko wa obijekti na majedwali ndio unaoelekea kushinda. Uandishi wa namna hii ni adimu katika fani yoyote, na huu ni wa bure.

Baada ya hapo mtu asogee hadi 2005, Stonebraker na Joseph Hellerstein walipoandika kwamba katika hifadhidata kila kilichotupwa hurudi na jina jipya. Ndani yake mna sababu za kushindwa kwa lugha zenye uhifadhi wa kudumu: viwango havikuwapo, na programu zote zilipaswa kuunganishwa upya kila obijekti ilipobadilika umbo. Mwaka 2024 Stonebraker akarudi na Andy Pavlo kuikagua miaka ishirini iliyofuata, wakiishambulia pia mifumo ya nyaraka kama MongoDB. Sikubaliani nao kila mahali. Wanapenda mno kuhesabu ushindi, na mtu anayejenga programu ya simu kwa ajili ya kijiji kisicho na mtandao hana muda na ushindi wa SQL. Lakini mwanafunzi akitaka kujua kwa nini mkubwa wake kazini anamkatalia wazo fulani, hoja zote zimo humo.

Kasoro moja kubwa katika hazina hii ni kiwango cha kundi la ODMG. Kundi hilo lilianzishwa 1991 likiongozwa na Rick Cattell wa Sun Microsystems, likaandika lugha ya maulizo ya OQL, likatoa toleo la tatu na la mwisho mwaka 2000, likavunjwa 2001. Kiwango chenyewe kilitolewa kama kitabu cha kuuzwa. Wanafunzi wengi wanaijua OQL kupitia sura moja ya kitabu kikubwa cha kiada, na kitabu hicho nacho mara nyingi ni nakala ya wizi inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nakala hiyo tusiihesabu kuwa nyenzo ya bure. Ni deni ambalo mtu mwingine amelazimishwa kulipa. Njia halali ya kuionja OQL ni kujifunza lugha ya maulizo ya JPA, kiwango cha Java cha kuoanisha obijekti na majedwali, kwa maana tabia ya kuandika nukta ili kupita kutoka obijekti moja hadi nyingine, mgonjwa hadi hudhurio hadi daktari, imeendelea kuishi humo, na maelezo yake yapo bure kwenye nyaraka za Hibernate.

Kuna kisa kimoja ambacho ningemtaka kila mwanafunzi akisome kabla ya kuamini maneno ya mtu yeyote kuhusu ukubwa wa data. Katika maabara ya SLAC huko California wanafizikia wa jaribio la BaBar walihifadhi migongano ya chembe ndogo kwenye Objectivity, hifadhidata ya obijekti ya kibiashara. Mwaka 2002 ilipita terabaiti 500, na wakati ule ilitajwa kuwa hifadhidata kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Baadaye wakaiacha. Jacek Becla na Daniel Wang walieleza walichojifunza katika makala ya CIDR ya 2005, nayo inapakuliwa bure. Kule CERN, Geneva, njia ilikuwa ile ile: walijaribu Objectivity, kisha wakahamia kwenye ROOT, programu huria iliyoanzishwa na René Brun na Fons Rademakers.

Mtu akisikia kisa hiki juu juu atahitimisha kwamba hifadhidata ya obijekti haikuweza mzigo. Haikuwa hivyo, mzigo iliubeba. Data za fizikia huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, kwa hiyo kufuli na miamala inayolinda watu wasiandike juu ya wenzao inakuwa gharama isiyo na faida kubwa. Kisha kuna leseni, na kuna jamii. Wanafizikia walikuwa na chombo chao wenyewe, cha C++, ambacho msimbo wake waliumiliki na wenzao wa maabara nyingine walikuwa wanakitumia. Faili ya ROOT hubeba ndani yake maelezo ya klasi zilizoiandika, hivyo hata klasi ikibadilika miaka mingi baadaye, faili ya zamani bado inasomeka. Hilo ni wazo la hifadhidata za obijekti lililobaki hai baada ya bidhaa kuondoka. Anayetaka kulishika kwa mikono aende kwenye data huria za CERN, zilizofunguliwa kwa umma tangu 2014, apakue faili ndogo, na asome nyaraka za ROOT. Onyo tu: faili nyingine ni kubwa mno kwa bando la kawaida, achague za mafunzo.

Sasa tuje kwenye vitendo. Kati ya mifumo yote hai ninayoweza kumpa mwanafunzi leo, naitanguliza ZODB, hifadhidata ya obijekti ya Python iliyotokana na kazi ya Jim Fulton kwenye Zope, mfumo wa kujengea tovuti, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni programu huria, inasakinishwa kwa amri moja ya pip, nyaraka zake ni fupi na hazimwuzii mtu chochote. Bado inaendesha tovuti za Plone. Mwanafunzi anafungua faili moja, anapata mzizi unaofanana na kamusi ya Python, anaweka obijekti zake humo, anathibitisha muamala, basi. Hakuna jedwali, hakuna SQL, hakuna ramani ya kuoanisha.

Thamani yake ya kufundishia, hata hivyo, imo kwenye mitego yake. Weka orodha ya kawaida ya Python ndani ya obijekti inayodumu, ongeza kitu kwenye orodha hiyo, thibitisha muamala, zima programu, washa tena: ulichoongeza huenda hakipo. ZODB haikujua kwamba orodha imebadilika, kwa sababu badiliko lilitokea ndani ya kitu isichokichunga. Nyaraka zinaeleza dawa, ambayo ni kutumia orodha maalumu zinazodumu au kuutangazia mfumo kwamba obijekti imeguswa. Aliyepoteza data zake za zoezi kwa njia hii ameelewa ufuatiliaji wa mabadiliko kuliko aliyesoma sura tatu juu yake. Kisha badilisha jina la klasi. Obijekti za zamani zinarudi zimevunjika, maana jina lililoandikwa ndani ya faili haliongozi tena popote. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini mabenki yaliogopa kufunga data zao za miaka thelathini ndani ya lugha moja ya programu. Tazama pia faili ya Data.fs inavyonenepa: kila badiliko huandikwa mwishoni, ya zamani hubaki mpaka uamuru faili ibanwe. Ni somo la uandishi wa kumbukumbu za miamala lililowekwa wazi mezani.

GemStone nayo ipo. Imepita mikono mingi, VMware ikiwemo, na tangu 2013 inasimamiwa na kampuni ya GemTalk Systems, ambayo hutoa leseni ya bure yenye mipaka pamoja na miongozo yote. Kampuni ya meli za makontena ya OOCL ya Hong Kong iliitumia kuendesha shughuli zake, jambo linalomkata kauli anayesema hifadhidata hizi zilikuwa za maabara tu. Tatizo ni kwamba lango lake ni Smalltalk. Kwa bahati lango hilo lina ngazi nzuri ya bure: kozi ya Pharo iliyotayarishwa na watafiti wa Inria, Ufaransa, pamoja na vitabu vyao na vitabu vya zamani vya Smalltalk ambavyo wachapishaji waliruhusu viwekwe mtandaoni. Sidhani kama kuna waajiri wengi Nairobi au Dar es Salaam wanaotafuta ujuzi huo. Anayeifuata njia hii aifuate kwa ajili ya akili yake.

Zilizobaki nazipitia haraka. ObjectDB ya Java hutolewa bure lakini kwa kikomo cha klasi kumi na obijekti milioni moja katika faili, ambazo zinatosha kabisa kwa mazoezi. EclipseStore, iliyokuwa ikiitwa MicroStream, huhifadhi mtandao mzima wa obijekti za Java na ni huria. Lugha ya maulizo haina, na hilo lenyewe ni mada ya mjadala darasani. InterSystems wana toleo la jamii la hifadhidata yao ya IRIS na kozi za mtandaoni zilizopangwa vizuri, ila usisahau kwamba mwisho wa kozi kuna mlango wa duka. PostgreSQL haijiiti hifadhidata ya obijekti, lakini imetokana na mradi wa Stonebraker huko Berkeley, ina urithi wa majedwali, na nyaraka zake zinakiri waziwazi kwamba masharti ya upekee na funguo za kigeni hazishuki kwa majedwali ya watoto. Ukurasa huo mmoja una ukweli mwingi kuliko vijitabu vingi vya matangazo.

Neno bure linahitaji kuchunguzwa kwa visa viwili. Cha kwanza ni db4o. Carl Rosenberger aliianza mwaka 2000, kwa Java na baadaye .NET; ilikuwa ndogo, huria, na mafunzo yake yalikuja ndani ya kifurushi chenyewe, yakitumia madereva wa Formula One na magari yao. Wazo lake la kuandika maulizo kwa lugha ile ile ya programu, alilolieleza pamoja na William Cook wa Chuo Kikuu cha Texas, ni ndugu wa karibu wa LINQ ya Microsoft iliyotoka 2007. Versant ikainunua 2008, Actian ikainunua Versant 2012, na mwaka 2014 db4o ikasimamishwa. Msimbo unapatikana kwenye nakala za watu. Tovuti, jukwaa la maswali na majibu yaliyokusanywa kwa miaka havipo tena. Cha pili ni Realm, hifadhidata ya obijekti ya simu iliyotoka 2014 na kupendwa na watengeneza programu za Android kwa sababu ilifanya kazi bila mtandao na kusawazisha data mtandao ukirudi. MongoDB iliinunua 2019. Septemba 2024 ilitangaza kuachana na huduma ya usawazishaji, na Septemba 2025 ikafikia ukomo. Msimbo wa maktaba ya simu upo. Masomo yaliyojengwa juu ya usawazishaji yamebaki maelezo ya nyumba iliyobomolewa.

Ndiyo maana naitanguliza ZODB juu ya vitu vipya vinavyong'aa. Haina mnunuzi. Mwanafunzi anapochagua nyenzo aulize kwanza nani analipia kuwapo kwake, na kama mlipaji akiondoka kitabaki nini. Makala ya VLDB ya 1996 haimtegemei mtu.

Fungu la tatu la elimu ya bure halina hata jina la hifadhidata za obijekti, na huenda ndilo lenye maana zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kupitia AMPATH, na Partners In Health. Eldoret ndiko ulikoanza kutumika, mwaka 2006. Umeandikwa kwa Java na huhifadhi data kwenye MySQL kupitia Hibernate. Kwa maneno mengine, lile bonde kati ya obijekti na majedwali lilivukwa Eldoret, na msimbo wote uko wazi.

Fungua klasi ya Patient uone. Imerithi kutoka Person, kama mwalimu wa Java anavyopenda. Kwenye hifadhidata urithi huo umekuwa majedwali mawili yanayoshirikiana namba moja, na kila anapotafutwa mgonjwa majedwali hayo huunganishwa. Nenda kwenye vipimo: hakuna jedwali la presha wala la uzito. Kuna jedwali moja liitwalo obs, ambamo kila kipimo ni mstari, swali lililoulizwa linaelekezwa kwenye kamusi ya dhana, na jibu limewekwa kwenye safu ya namba, ya maandishi au ya tarehe kulingana na aina yake. Wabunifu walitaka kliniki iweze kuongeza swali jipya bila kumwita mtu abadilishe majedwali. Unyumbufu huo ndio uliokuwa ahadi ya hifadhidata za obijekti. Hapa umejengwa kwa majedwali, na gharama yake inaonekana kila mtu anapotaka ripoti.

Mradi huo hutoa pia data za majaribio zilizofichwa utambulisho, wagonjwa wapatao 5,000 na vipimo karibu 500,000. Zoezi ninalolipendekeza ni hili: mwanafunzi achukue data hizo, aziandike upya kama obijekti ndani ya ZODB, kisha aulize maswali mawili kwa mifumo yote miwili. Kwanza, nipe historia nzima ya mgonjwa huyu. Pili, ni wagonjwa wangapi uzito wao ulishuka mwaka huu. Kwenye swali la kwanza ataipenda ZODB kwa wepesi wa msimbo wake. Kwenye la pili ataikumbuka SQL kwa uchungu, na atalazimika kujijengea indeksi kwa mikono. Kozi ya kulipia inayofundisha haya mawili kwa siku mbili haipatikani kirahisi.

DHIS2 ina funzo lake. Mfumo huu wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo ulienezwa nchi nzima Kenya mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia. Nao ni Java, Hibernate na PostgreSQL, na ni huria. Moyo wake ni mti wa vituo: taifa, mkoa au kaunti, wilaya, zahanati. Katika obijekti mti ni jambo jepesi, mzazi anawashika watoto wake. Katika majedwali ni kero, kwa kuwa kuwapata vijukuu wote wa mkoa mmoja kunadai kurudia ulizo ngazi kwa ngazi. Waundaji wameongeza safu ya maandishi iitwayo path inayobeba njia yote kutoka juu hadi kituo husika, ili ulizo moja litosheleze. Ujanja huu mdogo unafaa kuchambuliwa darasani, na hifadhidata ya majaribio yenye vituo vya Sierra Leone inapakuliwa bure.

Mihadhara ya video nimeiacha mwishoni makusudi. Ile ya Andy Pavlo wa Carnegie Mellon kuhusu ndani ya hifadhidata ni bora na ni bure, lakini haigusi obijekti sana, na mfululizo mzima unamaliza bando la mtu. Mwenye mtandao wa chuo ajipakulie akiwa pale. Asiye nao hajakosa kitu kikubwa. Slaidi na maelezo ya maandishi yamewekwa pia, na ni mepesi.

Kwa hiyo nyenzo zipo, zina ubora, na zile bora hazitoki kwa wauzaji. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka kwenye mpangilio mmoja. Wahadhiri wa Dar es Salaam, Eldoret, Nairobi, Makerere na Kigali wanaofundisha hifadhidata wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa wiki moja ya muhula: matamko mawili na makala ya Carey na DeWitt kwa kusoma, ZODB kwa mikono, klasi ya Patient ya OpenMRS kwa mjadala. Na wewe mwanafunzi ambaye mhadhiri wako bado hajaifanya, pakua faili hizo leo uziweke kwenye diski yako. Tovuti ya db4o nayo ilikuwa bure.